Tairi la kuazima halimsitiri mtu

Jumamosi iliyopita alfajiri, jirani yangu alibisha hodi akiwa na spana mkononi. Alitaka nimwazime tairi la nyuma la pikipiki yangu. Si pikipiki, ni tairi tu. Jumatatu alikuwa na miadi ya ukaguzi, na tairi lake lilikuwa limekwisha kashata zote. “Mwalimu, jioni ileile nitalirudisha,” aliniahidi.

Nilimkatalia, akaondoka amenuna. Naandika haya ili aelewe sababu, yeye na wengine wenye pikipiki za zamani.

Mimi nilizaliwa na kusomeshwa ukimbizini, mkoani Kagera, Tanzania. Nilirudi Rwanda mwaka 2006 nikiwa tayari mwalimu. Mjomba aliyenilea kule alikuwa na Honda CG 125 ya mtumba. Mwaka 2003, wiki ya usalama barabarani ilipofika, aliazima tairi na vioo viwili vya pembeni. Alikaguliwa, akabandikiwa stika, na jioni akarudisha vya watu. Wiki ya tatu mvua ilinyesha tukiteremka mlima, mimi nikiwa nyuma yake. Aliposhika breki, gurudumu la nyuma lilitupa kisogo tukaingia mtaroni. Mimi nilichubuka tu. Yeye alivunjika mguu juu ya goti, na hadi kufa kwake alitembea kwa fimbo. Stika ilikuwa bado inang’aa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Darasani nawaona wanafunzi wanaokariri majibu usiku wa kuamkia mtihani. Wanapata alama, na baada ya wiki mbili hawakumbuki kitu. Lakini mwanafunzi huyo hambebi mtu mgongoni. Mwenye pikipiki anabeba.

Pikipiki yangu ya leo nayo ni CG 125 kuukuu, nayo imetoka Tanzania. Huanza kuiandaa wiki mbili kabla ya ukaguzi, ili nikikuta ubovu niwe na muda wa kutafuta fedha na fundi. Kwanza breki. Pembeni mwa ngoma ya breki ya Honda kuna mshale mdogo. Ukishika breki na mshale ukafika kwenye alama, breki shuu zimekwisha. Kisha naigonga kila spoku kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Nainua gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole. Ukikwama katikati, beringi zimelika. Mwisho namwita mwanangu asimame nyuma aniambie kama taa ya breki inawaka nikishika ya mkono, kisha nikikanyaga ya mguu. Kazi yote hiyo huchukua asubuhi moja, na kuona ubovu hakugharimu hata faranga.

Taa ya mbele ndiyo iliyoniumbua. Tanzania wanaendesha kushoto, sisi huku tunaendesha kulia. Taa yangu, iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto, iliinua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Huku kwetu, upande huo ndiko wanakotokea wanaokuja mbele yako. Kwa muda mrefu madereva waliniwashia taa usiku, nami nikawapungia mkono nikidhani wananisalimu, kumbe nawapofusha. Fundi aliposimamisha pikipiki mbele ya ukuta na kuwasha, niliona kwa macho yangu. Nilibadilisha taa siku hiyohiyo.

Kuna pia suala la moshi. Tangu Agosti 2025, upimaji wa moshi wa vyombo vya moto ulipoanza nchini, pikipiki nazo zimo. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio chafu la hewa au kabureta inayomwaga petroli kupita kiasi. Moshi wa bluu ni injini inayochoma oili, yaani ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Kumimina oili nzito siku moja kabla ya kupimwa hakuponyi chochote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua jibu la jirani yangu: fedha ziko wapi? Mshahara wa mwalimu naujua, na motari anayelaza pikipiki siku moja analaza pia chakula cha watoto. Tena tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi kubeba abiria Kigali, kwa hiyo wengi watazitunza walizonazo hadi zife. Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Orodha ya vinavyokaguliwa ibandikwe katika kila gereji, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Na vyama vya ushirika vya motari viwe na mfuko wa kukopesha tairi na breki, mkopaji alipe kidogo kidogo.

Anayekagua hukutana na pikipiki yako kwa nadra. Mlima hukutana nayo kila siku, na mlima hausomi cheti.

Jirani yangu, hodi yako bado naisubiri. Tairi langu sikupi. Twende dukani pamoja, nusu ya bei nitakukopesha.