Daftari la Duka na Biashara ya Simu

Kila inapokaribia Sikukuu ya Idd, mtu anayepita Darajani na Mlandege mjini Unguja hapati pa kuweka mguu. Umati huo bado upo. Hata hivyo, wenye maduka wanalalamika, na malalamiko yao tunayaona kuwa ya haki, kwamba wengi wa wanaoingia madukani siku hizi hawaji kununua. Huja kushika kitambaa, kumvisha mtoto kiatu na kuuliza bei. Kisha hutoa simu, wakamwonyesha mwenye duka bei ya Kariakoo, wakaaga kwa adabu na kuondoka. Baada ya siku mbili tatu kiatu kile kile kinateremshwa kutoka kwenye boti bandarini Malindi.

Si nia yetu kumlaumu mnunuzi. Mshahara ni wake, na mwenye watoto wanne hana budi kutafuta pale penye nafuu. Wazee wetu wanazikumbuka foleni za mwanzoni mwa miaka ya sabini, mchele, unga na sukari vilipokuwa vikitolewa kwa kipimo, na hapana hata mmoja wao atakayetaka mwananchi apunguziwe tena uhuru wa kuchagua. Isitoshe, haki inatutaka tukumbuke kwamba katika miaka ya tisini walikuwa ndugu zetu wa Bara wakivuka bahari kuja kununua televisheni na redio hapa, kwa kuwa bei zetu zilikuwa nafuu. Hatukumsikia mfanyabiashara wa Unguja akinung'unika wakati ule.

Lakini duka la mtaani lina jambo moja ambalo simu haina, nalo ni daftari. Mwenye duka wa Jang'ombe, wa Makunduchi au wa Konde anajua nani amefiwa, nani ana mgonjwa, na mshahara wa nani umechelewa. Na kwa ujuzi huo humpa mtu kilo mbili za mchele na kipande cha sabuni, akaandika jina, basi. Hakuna fomu wala dhamana. Mkulima wa Pemba ameishi hivyo vizazi kwa vizazi, akikopa wakati karafuu zingali mtini na kulipa baada ya kuziuza kwa Shirika la Biashara la Taifa. Mfanyakazi wa hoteli anaishi hivyo kila masika, wageni wanapopungua na mikataba inapokatwa. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga hoteli zetu, ni nyumba ngapi zilizopikiwa kutoka katika madaftari hayo? Yule anayeuza kwa simu kutoka ng'ambo ya bahari hutaka fedha kwanza.

Tunalitaja daftari kwa sababu haliwezi kuendeshwa kwa hasara tupu. Mwenye duka humkopesha jirani mchele kwa kuwa anapata faida kidogo katika kanga, vyombo, vipodozi na chaja za simu. Bidhaa hizo ndizo zinazohamia simuni. Zikiisha zote, atabaki na mchele na deni, naye atafunga mlango. Na pamoja naye ataondoka yule kijana aliyemaliza skuli akapata kazi ya kupima nguo na kufagia baraza. Visiwa vyetu ni vidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na fedha inayovuka bahari kwa kubonyeza simu ni fedha isiyozunguka tena Mwanakwerekwe wala Chake Chake.

Hapa ndipo tunapotaka wakuu wanaohusika watusikilize. Mwenye duka analipa kodi ya pango, leseni na taa, na Mamlaka ya Mapato inamtaka, kwa haki kabisa, atoe stakabadhi ya kielektroniki kwa kila anachouza. Muuzaji mkubwa anayetangaza mali yake simuni, mwenye ghala asilolitangaza, aghalabu hatoi stakabadhi yoyote. Wafanyabiashara hawa wawili hawashindani. Mmoja amefungwa mguu. Tunaiomba Wizara ya Biashara na Maendeleo ya Viwanda pamoja na Mamlaka ya Mapato ziwatafute wauzaji wakubwa wa aina hiyo na kuwaandikisha. Tunasema wakubwa, na tunalirudia neno hilo kwa makusudi, kwani tunaijua tabia ya baadhi ya maofisa ya kuanza kazi kwa yule aliye karibu na asiye na msemaji. Mama anayeuza udi, madira na mafuta ya nazi kutoka chumbani kwake kwa kupitia simu asiguswe. Simu ndiyo iliyompa duka mtu ambaye asingeweza kulipia mlango wa Darajani.

Liko pia suala la mnunuzi anayedhulumiwa. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, lakini mwananchi aliyelipia simu nzima akaletewa mbovu hajui aende wapi. Namba ya muuzaji haipokelewi tena, na ukurasa wake umekwisha kubadilishwa jina. Hata makampuni makubwa si ya kudumu: Jumia, iliyokuwa ikitajwa sana, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Anayeumia zaidi ni mkaazi wa Pemba, ambaye mzigo wake huvuka bahari mara mbili na kurudishwa kwake ni gharama mpya. Shirika la Posta lina ofisi katika visiwa vyote viwili. Kwa nini zisiwe mahali pa kupokea mizigo, kuifungua mbele ya shahidi na kuirudisha isiyofaa?

Wenye maduka nao wasidhani kwamba tunawatetea katika kila jambo. Mara ngapi tumeingia dukani tukakuta kibao kilichoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi, bei haikuandikwa popote, na muuzaji anamtazama mteja kana kwamba amekuja kumsumbua? Mteja wa namna hiyo hakuibiwa na simu, alifukuzwa. Duka lenye mali nzuri linaweza kuipiga picha, kuitangaza kwa bei ya kweli, na kumpelekea mteja wa Fuoni au Bububu kwa bodaboda siku ile ile, jambo ambalo Kariakoo hailiwezi. Wapo vijana wachache waliokwisha kuanza, na tunawapongeza.

Serikali imejenga masoko makubwa Jumbi na Mwanakwerekwe katika miaka ya karibuni, na imewataka wananchi waingie humo wafanye biashara. Ni jambo jema. Basi kodi ya milango na meza za masoko hayo ipangwe kwa kuuangalia mwaka huu tulio nao, wala si kwa hesabu za wakati ambapo mnunuzi hakuwa na pengine pa kwenda. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, ambao wengi wao wanazo simu hizo mifukoni na bila shaka wanaagizia kama sisi sote, watakutana kuijadili bajeti. Tunawaomba waulize swali hilo, na waziri anayehusika alijibu kwa tarakimu.