Mkwepa Kodi Haogopi Adhabu Asiyotarajia Kuipata

Kila bajeti inapokaribia, husikika sauti zikidai wakwepa kodi wafungwe vifungo virefu zaidi. Naielewa hasira hiyo, lakini siamini kwamba ukali wa sheria pekee utaijaza hazina ya taifa.

Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker alieleza kuwa mhalifu hupima mambo mawili: ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa. Mwaka 1972 Allingham na Sandmo waliihamishia hoja hiyo kwenye kodi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeuza bidhaa za shilingi 1,000,000 bila kutoa risiti, akaficha VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 180,000. Ikiwa katika wakwepaji mia hukamatwa mmoja tu, hata faini ya mara kumi ya kodi hiyo ina uzito wa shilingi 18,000 katika hesabu yake. Kesho atakwepa tena.

Zaidi ya hayo, adhabu inapokuwa kubwa mno, mkaguzi asiye mwaminifu hupandisha bei ya kunyamaza kwake. Tuwekeze basi katika ukaguzi wa haki na wa mara kwa mara, nasi wanunuzi tudai risiti. Sheria kali tunazo. Tunachokosa ni mkono unaofika.