Tauni, Rangi na Insha za Hoja Sita

Nina ugomvi na insha za historia zinazoandikwa vyuoni mwetu, na ugomvi wenyewe si wa sarufi wala mwandiko. Tangu nistaafu, vijana wa jirani wanaosomea ualimu huniletea insha zao nizipitie kabla hazijamfikia mkufunzi. Swali huwa zuri: eleza uhusiano wa maradhi, rangi na jamii katika miji ya kikoloni. Jibu huwa lile lile. Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Wakoloni walijenga hospitali, wakoloni walileta chanjo, wakoloni walibagua, mpaka zitimie sita, kwani mwongozo wa kusahihishia hutoa alama kwa kila hoja. Hoja ya kwanza inawasifu wakoloni kwa afya, ya nne inawalaani kwa ubaguzi, na mwandishi haoni kwamba anawazungumzia watu wale wale, pengine hata ripoti ile ile.

Tutazame tauni. Mwaka 1901 iliingia Cape Town pamoja na panya wa melini, katika shehena za chakula cha farasi wa jeshi la Waingereza, lililokuwa likipigana na Makaburu. Miongoni mwa wa kwanza kuugua walikuwa wafanyakazi wa bandarini. Machotara waliugua, Wazungu nao waliugua. Waliohamishwa kwa nguvu, hata hivyo, ni Waafrika, kati ya 6,000 na 7,000, wakapelekwa Uitvlugt nje ya mji, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Mmoja wa washauri wa serikali katika janga hilo alikuwa Profesa W. J. Simpson, aliyepata kuwa ofisa wa afya wa Calcutta. Tauni ilipozuka Accra mwaka 1908, alipelekwa huko. Mwaka 1913 akatumwa kwetu: Kenya ya leo, Uganda na Unguja. Akapendekeza miji igawanywe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na kuwatenga Wazungu uwepo ukanda wa ardhi usiokaliwa na mtu.

Mwanachuo akishafika hapo huandika "huu ulikuwa ubaguzi", akaruka hoja ya tano. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza! Aulize: mwaka huo madaktari walikuwa wanajua nini? Yersin alikwisha kuviona vijidudu vya tauni Hong Kong mwaka 1894. Simond alionyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayevitoa kwa panya na kumpa mtu, lakini wengi hawakumsadiki mpaka uchunguzi uliofanywa India ulipothibitisha jambo hilo, kufikia 1908. Kwa hiyo ofisa wa Cape Town wa 1901, au yule wa Nairobi aliyeamuru soko la Wahindi lichomwe moto mwaka 1902, twaweza kumwambia kwamba alikuwa mkatili, lakini hatuwezi kumdai elimu ambayo wenzake walikuwa bado wanaibishania. Ripoti ya Simpson haina kinga hiyo. Kufikia hapo panya na kiroboto walikwisha kujulikana, na bado mpaka ukachorwa kwa kufuata ngozi za watu. Tena mpaka wenyewe haukumzuia mpishi, yaya wala dobi, waliouvuka kila alfajiri au kulala vibandani uani kwa bwana.

Wapo wakufunzi, hasa wale wenye hasira njema, wanaowafundisha vijana kwamba maradhi yalikuwa kisingizio tu. La hasha. Tauni iliua kweli, na hofu ya maofisa ilikuwa hofu ya kweli. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye ardhi ya kinamasi, na watu wakasongamana humo bila mitaro ya kutosha. Ukisema "kisingizio" ukanyamaza, umewasahau wagonjwa, umemsahau mwenye nyumba aliyepangisha chumba kimoja kwa watu wengi, umeisahau na serikali iliyokusanya kodi. Hiyo ndiyo jamii iliyotajwa katika swali, nayo haimo katika hata moja ya zile hoja sita.

Na ushahidi mzuri kuliko wote hawautumii. Mwaka 1923, baada ya Wahindi wa Kenya kupigania haki zao, serikali ya Uingereza iliacha sera ya kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini. Tauni ilikuwa haijatoweka. Kama utengano ulikuwa dawa, dawa gani hii inayoachwa kwa siasa? Nyanda za juu zilibaki za Wazungu, na makazi ya Waafrika yakaendelea kuwekwa mbali.

Jambo hili linaniudhi kwa sababu vijana hawa kesho watasimama darasani. Dar es Salaam uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na Uhindini kwa fikra hizo hizo, na watoto wanaucheza bila kujua. Kipindupindu kilipozuka jijini mwezi Agosti 2015, niliwasikia watu waliosoma wakisema watu wa uswahilini ni wachafu kwa asili. Hawakuuliza bomba la maji limeishia mtaa gani. Maneno hayo angeweza kuyasema ofisa wa 1902, naye angalau alikuwa na udhuru wa kuishi mwaka 1902.

Wakufunzi hunijibu kwamba madarasa yamejaa, na insha za hoja sita husahihishwa upesi. Naam, husahihishwa upesi kwa kuwa hazina cha kusoma. Basi watoe swali moja kwa muhula: mji mmoja, ugonjwa mmoja, miaka ishirini. Mwanachuo aeleze nani alihamishwa, nani alibaki, na daktari alijua nini siku ile alipotia sahihi. Na ule mwongozo wa kusahihishia wauchane.