Injini Ilayo Oili na Heshima ya Dereva

Dereva wa Serikali akiomba oili mara kwa mara, watu hunong'ona kwamba anaiuza. Rai yangu ni kwamba, kabla ya kumkata mshahara, injini itazamwe kwanza.

Njombe ni nchi ya juu, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali. Oili huwa nzito, ikachelewa kupanda. Awashaye gari na kukanyaga mafuta papo hapo husaga vyuma vikavu. Tena kuna vumbi. Lami itokayo Makambako ni njema, lakini motokaa zetu huiacha zikaingia njia za vijijini, na chujio la hewa lililotoboka hupitisha mchanga laini usagao ringi za pistoni na silinda mfano wa msasa. Hapo oili hupanda ikaungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma. (Moshi mweusi ni habari nyingine: ni dizeli isiyoungua sawasawa.)

Basi kila lita iongezwayo iandikwe katika daftari la gari pamoja na kilometa zake, na fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Ukiwa chini, kisha kijiko cha oili kikatiwa ndani ukapanda, ringi zimekwisha, na dereva hana deni.