Difu Inayovuja Haiponi kwa Oili Nzito

Tumeshauriwa kwamba difu ya Land Cruiser kuukuu ikivuja haihitaji fundi: weka oili nzito, ongeza kila inapopungua, safari iendelee. Ushauri huu ni wa hatari, na aliyeutoa hakujiuliza hata oili inatokea wapi.

Tuanze na hiyo oili nzito, hoja dhaifu kuliko zote. Sili ya piniani huvuja kwa sababu mdomo wake wa mpira umekauka, au flanji imelika na kuchimbika mfereji, au beringi imelegea na shafti inacheza. Oili ya 140 inatengeneza kipi hapo? Hakuna. Tena mara nyingi kosa ni dogo zaidi: tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli limezibwa na tope. Difu ikipata moto, hewa hutanuka, hukosa pa kutokea, huisukuma oili kwenye sili. Hapo hata sili mpya itavuja! Zibua tundu kwanza, ndipo uende duka la vipuri.

Eti kuongeza kunatosha? Panapotoka oili, maji huingia. Ekseli ya moto ikizama mtoni hupoa ghafla, huvuta maji, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Na ikiwa iliyochoka ni sili ya upande wa gurudumu, oili hulowesha lainingi za breki. Nani atashuka mlima Kitonga na breki hizo?

Badilisha sili. Ila kabla ya kufungua nati ya piniani, weka alama ilipokaa. Ukiikaza kupita hapo kwa nguvu zote, unaua beringi.