Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twawafundisha watoto darasani, nao huiandika vizuri katika madaftari yao. Juma hili twauliza: je, sisi wazazi wao twaitimiza?

Tulihudhuria arusi moja hapa Nyamitaba. Mzee mmoja aliitwa kutoka mlima wa pili aje kupiga inanga. Alikuja kwa miguu, ala yake imefungwa kitambaani, akaketi karibu na mlango, akaanza. Wakubwa walinyamaza wakasikiliza. Haikupita robo saa, vijana wakawasha mashine ya muziki yenye vipaza sauti. Tangu hapo tuliona vidole vya mzee vikitembea juu ya nyuzi, lakini sauti hatukuisikia tena. Jioni alipewa kikombe cha kasiksi na sahani ya maharagwe, akaambiwa asante. Seremala aliyetengeneza viti alilipwa. Mwenye mashine alilipwa. Mzee alirudi kwake mikono mitupu. Nasi tunaoandika haya hatukutia mkono mfukoni.

Kosa letu lilikuwa la namna mbili. Kwanza, hatukuijua ala yenyewe. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja mrefu huvutwa kwenda na kurudi mara 7 au 8. Sauti yake ni ya chini, na mwimbaji husimulia juu yake habari za watu, za vita na za ng'ombe. Ndivyo ulivyo umuduri, ule upinde wenye kibuyu upigwao kwa kijiti, na ndivyo ilivyo ikembe, ambayo vyuma vyake huchezwa kwa vidole gumba. Ala hizi hazikufanywa kwa uwanja wa watu elfu. Zataka nyumba moja, watu 30 au 40, na kimya. Kwa hiyo mahali padogo si upungufu. Ndipo mahali pake hasa.

Pili, tulidhani kwamba wimbo hauna gharama kwa kuwa haushikiki mkononi. Sisi watu wa Kongo yatupasa kujua zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa barabarani mjini Jadotville, uitwao leo Likasi. Alizirekodi nyimbo zake, na santuri zikaenea mbali. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa mbele ya watu wa Newport, Marekani. Lakini wapita njia wa Katanga walimsikia kabla ya ulimwengu. Na je, ni wapigaji wangapi ambao hakuna mkusanyaji aliyepita mlangoni pao? Hao hawana mwingine wa kuwatunza ila majirani.

Ni kweli, nchi yetu ina sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 imlindayo mtunzi. Lakini sheria haiketi arusini pamoja nasi. Siku hizi wimbo hunakiliwa kutoka simu hata simu, na mwenye wimbo hapati hata faranga moja.

Tena liko jambo zito kuliko fedha. Katika Masisi watu wamekimbia vita mara nyingi. Akimbiaye hubeba mtoto na godoro. Inanga hubaki ukutani. Nyimbo za mzee yule hazikuandikwa popote. Akifa bila mwanafunzi, zaenda naye kaburini. Na kijana gani atajifunza kazi ambayo ameona kwa macho yake kwamba haimlishi mtu?

Basi, majuma machache baadaye tulimwendea.

"Mzee, tumekuja kulipa deni."

Akacheka. "Mwalimu, kasiksi ya siku ile nilikwisha kuinywa. Njoni mnisikilize, hilo ndilo deni."

Tulipatana bei kabla: kila msikilizaji atoe faranga 1,000. Jumapili alasiri tulifungua darasa moja, tukaweka kikapu mlangoni. Walikuja watu 38. Wasio na fedha walileta viazi na maharagwe, na hakuna aliyewacheka. Mzee alipiga muda wa saa mbili. Kati ya wasikilizaji walikuwapo wawili wa wale vijana wa mashine. Walipotoka wengine, mmoja wao alibaki, akamwuliza namna ya kukaza uzi. Mzee akamwekea inanga mapajani.

Wasomaji wapenzi, twawasihi mambo matatu. Mkimwita mpigaji, patana naye malipo kabla ya siku ile, kama mnavyopatana na seremala. Apigapo, zimeni mashine. Zamu yake itafika. Na mkitaka kumnasa kwa simu, ombeni ruhusa kwanza, tena mwongezeni kitu, maana mwachukua kwenu kazi yake.

Mzee ameahidi kurudi mwezi ujao, na darasa ni lile lile. Kikapu kitakuwa mlangoni.