Kofia Moja Katika Siku za Herode

Vijana wapendwa, wapo miongoni mwetu wanaotucheka: watu wanachinjwa Beni tangu Oktoba 2014, nanyi mwaketi kufuma kofia za watoto! Usemi huo una sura ya ushujaa, lakini ni uvivu uliovishwa joho. Waulizeni wao wamefanya nini.

Butembo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, na baridi ya usiku wake twaijua sote. Mama aliyekimbia kijiji chake huko Beni hujifungulia huku akiwa na kitenge kimoja. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili. Maria alimvika Mwanawe nguo za kitoto Herode angali anatawala (Lk 2:7, Mt 2:1). Hakungoja mfalme afe.

Nanyi wavulana msemao sindano ni za akina mama: Mtume Paulo alishona mahema (Mdo 18:3).

Lakini anayekuja na simu ili ampige picha mzazi kitandani, na abaki nyumbani. Kofia yake tutaipeleka sisi.